Usomaji wa Vinasaba na Mbegu Bora za Viazi Mviringo na Nyanya

Matini ya mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata katika mkutano wa huduma za ugani



Kila msimu unapokaribia, mkulima wa viazi mviringo katika Nyanda za Juu Kusini hujiandaa kwa gharama mbili kubwa: mbegu na dawa ya ukungu. Ekari moja huhitaji takriban kilo 800 hadi 1,000 za viazi vya mbegu. Dawa nayo hupigwa kwa bomba la mgongoni, na mvua zikizidi hurudiwa karibu kila wiki. Mkulima wa nyanya aliyeko bondeni ana mzigo wake: ukungu huohuo, virusi vinavyokunja majani, minyoo ya mizizini, na mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze, aliyeingia nchini zaidi ya miaka kumi iliyopita. Fedha inayoishia kwenye chupa ya dawa ni ada ya mtoto, ni bati la nyumba, ni mtaji wa msimu ujao.

Kwa sababu hiyo, swali la aina ya mbegu si la wataalamu peke yao. Ni swali la kila kaya inayoishi kwa viazi na nyanya. Mada hii inaeleza namna wanasayansi wanavyosoma vinasaba vya mazao haya mawili ili kupata aina bora kwa haraka zaidi, faida iliyokwisha kuonekana, mipaka ya kazi hiyo, na wajibu wa mkulima wa kata katika safari nzima ya mbegu.

Mazao mawili, ukoo mmoja

Kiazi mviringo na nyanya ni ndugu wa karibu. Mkulima aliyewahi kuacha viazi vikachanua na kukomaa anajua kwamba baadhi ya aina hutoa vitunda vidogo vya kijani vinavyofanana na nyanya mbichi. Vitunda hivyo vina sumu na havifai kuliwa, lakini vinaonyesha undugu huo waziwazi. Mazao yote mawili yana asili ya Amerika. Viazi vilianza kulimwa katika milima ya Andes, na ndugu wa mwituni wa nyanya wanapatikana hadi leo Peru, Ekuado na Chile.

Undugu huo una hasara yake. Maadui wa mmoja mara nyingi ni maadui wa mwingine. Ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wengi huuita ukungu tu, hushambulia viazi na nyanya. Mnyauko bakteria hushambulia vyote viwili, na kadhalika minyoo fundo. Ndiyo maana anayevuna viazi kisha akapanda nyanya palepale hajabadilisha zao machoni pa ugonjwa. Amelibadilisha machoni pa soko tu.

Lakini undugu una faida pia. Kinachogunduliwa katika zao moja mara nyingi huangaza njia ya kulielewa la pili. Mazao yote mawili yana seti ya msingi ya kromosomu 12, yaani nyuzi ndogo sana ndani ya seli zinazobeba maelekezo ya urithi. Tofauti ni kwamba nyanya hubeba kila kromosomu nakala mbili, jumla 24, ilhali kiazi kinacholimwa zaidi hubeba nakala nne, jumla 48. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuboresha kiazi ni kazi ngumu kuliko kuboresha nyanya.

Kwa nini aina mpya huchelewa kufika

Mkulima anapopanda kiazi, mmea unaoota ni uleule wa mama yake, bila mabadiliko. Lakini mbegu ndogo zilizomo ndani ya kitunda cha kiazi ni jambo jingine. Kila mbegu hutoa mmea tofauti, kwa kuwa nakala nne za baba na nne za mama zimechanganywa upya. Mtafiti anayetaka aina mpya huanza kwa kuunganisha wazazi wawili, kisha huotesha makumi ya maelfu ya miche. Mwaka baada ya mwaka huiondoa isiyofaa: huu unazaa kidogo, ule unashikwa na ukungu, mwingine una macho marefu na maganda yake ni shida kumenya. Baada ya miaka 10 hadi 15 hubaki na aina moja au mbili zinazostahili kupelekwa kwa wakulima.

Katika miaka hiyo yote ugonjwa hausubiri. Aina iliyoanza kutafutwa kwa ajili ya tatizo la leo huweza kufika shambani tatizo likiwa limekwisha kubadilika. Hapo ndipo usomaji wa vinasaba unapoingia.

Jenomu, na namna inavyotumika

Maelekezo yote ya urithi wa mmea, yakikusanywa pamoja, huitwa jenomu. Sehemu ndogo ya maelekezo hayo inayosimamia kazi fulani, kama rangi ya tunda au kinga dhidi ya ugonjwa, huitwa jeni. Mwaka 2011 muungano wa wanasayansi kutoka nchi mbalimbali ulichapisha jenomu ya kiazi mviringo, wakikadiria kwamba ina zaidi ya jeni 39,000. Mwaka uliofuata, 2012, muungano mwingine ulichapisha jenomu ya nyanya, yenye takriban jeni 35,000. Kabla ya hapo watafiti walikuwa kama mtu anayetafuta nyumba katika mji usio na majina ya mitaa. Baada ya hapo walipata ramani.

Ramani hiyo hutumika kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni alama za vinasaba. Mtafiti akishajua mahali jeni ya kinga inapokaa, hutafuta alama iliyo ndani yake au jirani nayo. Mche ukiwa na wiki chache tu, hukatwa kipande kidogo cha jani na kupimwa maabara. Mche wenye alama hubakizwa, usio nayo huondolewa. Hakuna haja ya kusubiri msimu mzima, wala ya kuuambukiza mmea ugonjwa ili kuona kama utakufa.

Kwa viazi, alama za namna hii hutumika kutafuta kinga dhidi ya virusi vya kiazi vya aina Y, ambavyo ni miongoni mwa sababu kubwa za mbegu kuchoka. Hutumika pia kutafuta jeni inayoitwa H1, inayozuia aina mojawapo ya minyoo vifuko, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya viazi. Jambo hilo linazihusu nchi za ukanda huu, kwa kuwa minyoo hiyo iliripotiwa nchini Kenya mwaka 2015, na mayai yake huweza kuishi udongoni miaka mingi.

Kwa nyanya, alama husaidia kutafuta jeni zinazoitwa Ty, zinazokinga dhidi ya virusi vya kukunja majani na kuyafanya ya njano. Jeni hizo zilichukuliwa kutoka nyanya za mwituni. Nyingine ni jeni ya Mi, inayokinga dhidi ya minyoo fundo. Jeni ya Mi ilipatikana katika miaka ya 1940 kwa kuunganisha nyanya ya kawaida na ndugu yake wa mwituni wa Peru. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kiasi kwamba kiinitete cha mbegu kililazimika kuokolewa na kulelewa maabara. Hata hivyo kinga ya Mi hudhoofika joto la udongo linapozidi takriban nyuzi 28 za Selsiasi. Mkulima wa bondeni kwenye joto hana budi kulijua hilo kabla ya kuweka matumaini yake yote katika jina lililoandikwa kwenye pakiti.

Njia ya pili ni utabiri wa ubora. Sifa nyingi, kama wingi wa mavuno, hazitegemei jeni moja. Hutegemea mamia ya jeni, kila moja ikichangia kidogo. Hapo watafiti huchukua mimea mingi iliyokwisha kupimwa shambani kwa misimu kadhaa, husoma vinasaba vyake, kisha kompyuta hulinganisha vinasaba na mavuno. Mche mpya unapoletwa, vinasaba vyake husomwa na mavuno yake hukadiriwa kabla haujawahi kuzaa. Ni mfano wa mzee wa kijiji ambaye, kwa kuwa amezijua koo zote kwa miaka mingi, humwangalia kijana na kusema huyu atakuwa mrefu kama babu yake. Mzee huyo huweza kukosea, lakini hukosea mara chache kuliko anayebahatisha. Na kama mzee, kompyuta nayo inazijua koo ilizoziona tu. Utabiri uliojengwa kwa mashamba ya Ulaya hauwezi kuaminiwa kwa viazi vinavyopandwa kwenye miteremko ya Mbeya au Njombe bila kupimwa hukohuko.

Fundisho la bakajani chelewa

Hakuna ugonjwa unaoonyesha thamani na ugumu wa kazi hii kama bakajani chelewa. Huu ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Takriban watu milioni moja walikufa, na wengine wengi wakaihama nchi yao. Kukiwa na ubaridi na unyevu, shamba la kijani huweza kuwa jeusi ndani ya wiki mbili.

Katika karne ya 20 watafiti walichukua jeni za kinga kutoka viazi vya mwituni vya Meksiko na kuziingiza, kwa kuunganisha, katika viazi vya kawaida. Kila jeni ilifanya kazi kwa muda, kisha vimelea vikabadilika na kuishinda. Jeni moja moja ni kama kufuli moja mlangoni: mwizi akishapata ufunguo wake, mlango uko wazi.

Baadaye iligunduliwa kwamba spishi nyingine ya kiazi cha Meksiko, iitwayo kitaalamu Solanum bulbocastanum, ina kinga imara zaidi. Tatizo ni kwamba spishi hiyo haiunganiki moja kwa moja na kiazi cha kawaida. Watafiti wa Uholanzi walilazimika kupitia spishi nyingine kama daraja, kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo ilichukua miaka 46 hadi kupatikana aina mbili zilizoitwa Bionica na Toluca. Mtafiti kijana aliyeuanza mradi wa namna hiyo angestaafu kabla ya kuona gunia la kwanza.

Baada ya jeni zenyewe kutambuliwa, njia ilifupika. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao makuu Lima nchini Peru, kilichukua jeni tatu za kinga kutoka viazi vya mwituni na kuziingiza kwa pamoja, kwa uhandisi jeni, katika kiazi kiitwacho Victoria, ambacho wakulima wa Uganda wanakifahamu. Majaribio yalifanyika Uganda katika mashamba yanayodhibitiwa, kwa ushirikiano na taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba viazi hivyo vilihimili ukungu kikamilifu. Makufuli matatu mlangoni ni magumu kufunguliwa kwa wakati mmoja.

Vinasaba vya adui navyo vinasomwa. Jenomu ya kimelea cha bakajani chelewa ilichapishwa mwaka 2009. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ukoo mmoja wa kimelea hicho, ambao uliwahi kujulikana Ulaya, umeenea na kutawala katika mashamba ya viazi ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Habari hiyo ina uzito wake. Aina iliyokuwa ikihimili ukungu wa zamani si lazima iuhimili ukungu wa sasa. Mkulima anayesema kwamba mbegu fulani ilikuwa nzuri zamani na siku hizi imechoka, huenda anasema kweli mbili kwa pamoja: mbegu imechoka, na adui amebadilika.

Je, hii ni GMO?

Swali hili huulizwa katika kila mkutano, na linastahili jibu la wazi. Kuna mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa.

La kwanza ni kusoma vinasaba ili kuchagua. Hapa chavua ya ua moja huhamishiwa ua jingine, kama nyuki wanavyofanya na kama wataalamu wa mbegu walivyofanya kwa zaidi ya karne moja. Maabara huangalia tu ni mche upi uliorithi sifa inayotakiwa. Hakuna kinachoingizwa ndani ya mmea. Mbegu inayopatikana kwa njia hii si GMO.

La pili ni uhandisi jeni, ambapo jeni huchukuliwa na kuingizwa ndani ya mmea maabara, kama ilivyofanyika kwa kiazi cha Victoria katika majaribio ya Uganda. Hii ndiyo inayoitwa GMO. Nchini Tanzania mbegu za namna hii hazijaruhusiwa kulimwa kibiashara.

La tatu ni uhariri wa jeni, ambapo jeni ya mmea wenyewe hurekebishwa mahali ilipo. Nchini Japani nyanya iliyohaririwa kwa njia hii ilianza kuuzwa mwaka 2021. Kila nchi inaamua kwa sheria zake namna ya kuishughulikia.

Mkulima ana haki ya kuikubali au kuikataa teknolojia, lakini ni vema akaikataa au kuikubali ile iliyopo mbele yake, si nyingine iliyopewa jina hilo kwa makosa. Kukataa kila mbegu iliyopitia maabara ni kukataa pia mbegu iliyochaguliwa kwa njia ya kawaida na kupimwa afya yake.

Chombo hujibu kinachoulizwa

Lipo fundisho moja la nyanya ambalo kila mkazi wa kata anapaswa kulibeba kwenda nalo nyumbani. Kwa takriban miaka 70, wazalishaji wa mbegu katika nchi zilizoendelea walichagua nyanya ambazo, kabla ya kuiva, zina rangi moja ya kijani cha kufifia. Nyanya hizo huiva kwa usawa, huvunwa kwa pamoja na hupendeza sokoni. Mwaka 2012 wanasayansi waliitambua jeni inayohusika. Waligundua kwamba jeni hiyo, ikiwa nzima, huliwezesha tunda bichi kujitengenezea sehemu ya sukari yake. Katika nyanya zilizochaguliwa kwa rangi, jeni hiyo imeharibika. Waliochagua walitazama kwa jicho, na bila kujua wakapoteza kilicho cha ulimi.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 ulisoma vinasaba vya takriban aina 400 za nyanya na kuwapa watu waonje baadhi yake. Ulithibitisha kwamba aina nyingi za kisasa zimepoteza viambato vinavyoipa nyanya ladha. Mwaka 2019 uchambuzi wa aina 725, za kulimwa na za mwituni, ulikuta jeni 4,873 ambazo hazikuwamo katika jenomu ya kwanza iliyochapishwa. Baadhi zilipotea wakati binadamu alipokuwa akichagua anachokitaka.

Maana yake ni hii. Usomaji wa vinasaba ni chombo chenye nguvu, lakini hujibu swali lililoulizwa. Ukiulizwa rangi, utaleta rangi. Ukiulizwa mavuno, utaleta mavuno. Usipoulizwa kama kiazi kinachemka vizuri, kama kinafaa kwa chipsi bila kunywa mafuta, kama kinaweza kukaa ghalani hadi bei ipande, au kama kinaota mapema kwa anayetaka kupanda tena, hautajibu. Na chombo hiki kwa sasa kina kasi kubwa kuliko zamani. Kosa lililokuwa likichukua miaka 70 kuenea huweza kuenea kwa miaka michache.

Tahadhari nyingine inatoka Marekani. Mwaka 1967 ilitolewa aina ya kiazi iliyoitwa Lenape. Ilikaanga vizuri na ilihimili magonjwa. Katika ukoo wake kilikuwamo kiazi cha mwituni. Baadaye ilibainika kwamba ilirithi pia kiwango kikubwa cha sumu ya asili ya viazi, na mwaka 1970 ikaondolewa sokoni. Kwa hiyo hakuna kipimo cha maabara kinachofuta ulazima wa shamba la majaribio, sufuria, na watu wanaoonja.

Mipaka ya chombo hiki

Ni wajibu pia kusema kile ambacho usomaji wa vinasaba haujakileta. Mnyauko bakteria haujapata katika viazi jeni moja yenye nguvu ya kuuzuia. Kinga iliyopo hutegemea jeni nyingi na ni ya kiasi. Mpaka leo silaha za kwanza dhidi yake ni mbegu safi, kubadilisha mazao, na kung'oa shina lililonyauka pamoja na viazi vyake na udongo unaolizunguka.

Aina bora nayo haibaki bora yenyewe. Kiazi cha mbegu kikirudiwa msimu baada ya msimu, hujaza virusi na bakteria. Desturi ya kuuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kwa mbegu huongeza tatizo, kwa kuwa shina lenye virusi huzaa vidogo vingi. Mkulima anadhani anahifadhi mbegu, kumbe anahifadhi ugonjwa. Kazi ya miaka 15 ya mtafiti, na uchambuzi wote wa jenomu, huweza kupotea ndani ya misimu michache kwa njia hiyo.

Wanasayansi wanaitafuta njia ya kukwepa mzigo huo. Mwaka 2021 watafiti wa China walichapisha matokeo ya kutengeneza kiazi chotara chenye nakala mbili tu za kromosomu, kinachopandwa kwa mbegu halisi za kwenye kitunda. Kampuni na taasisi nyingine, hasa za Uholanzi, zinafanya kazi ya namna hiyo. Mbegu za hekta nzima zingetosha kiganjani, nazo hazibebi magonjwa mengi yanayobebwa na kiazi. Lakini hiyo ni njia inayojengwa, na miche yake huhitaji kitalu na uangalizi kama wa nyanya.

Yanayomhusu mkulima wa kata

Ndugu wakazi wa kata, safari ya mbegu inaanzia maabara, inapita vituo vya utafiti kama TARI Uyole mkoani Mbeya, inakaguliwa na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, kisha inaishia mikononi mwa mkulima. Ikivunjika hapo mwisho, imevunjika yote. Kwa hiyo mambo yafuatayo yanastahili kuzingatiwa.

1. Mkulima anaponunua mbegu aulize jina la aina, mzalishaji na lebo ya ukaguzi. Mbegu isiyo na jina haina ahadi. Hata ikishindwa, hakuna wa kuulizwa. Mbegu zilizothibitishwa, na zile za daraja la kuazimiwa ubora zinazozalishwa na wakulima waliofunzwa na kukaguliwa, zina mahali pa kuanzia kuuliza.

2. Asiyeweza kununua mbegu mpya kila msimu achague mashina bora shambani mwake. Viazi vikiwa vinachanua, na kabla majani hayajakauka, atie vijiti kwenye mashina yenye afya na nguvu, kisha ayavune peke yake kwa ajili ya mbegu. Haigharimu fedha, na huchelewesha sana kuchoka kwa mbegu.

3. Viazi na nyanya visifuatane katika shamba moja, wala visifuatane na bilinganya au pilipili, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Kati yake zipandwe mahindi, ngano, maharage au njegere kwa misimu kadhaa.

4. Aina inayohimili ukungu isichukuliwe kuwa haihitaji kuangaliwa. Hupunguza idadi ya kupiga dawa; haiondoi haja ya kukagua shamba. Madoa yakionekana kwenye aina iliyokuwa ikihimili, bwana shamba aarifiwe mapema, kwa kuwa huenda adui amepata ufunguo mpya, na taarifa ya shamba moja ikawa onyo kwa kata nzima.

5. Mashamba ya majaribio yanapofunguliwa, wakulima wahudhurie, wanaume kwa wanawake. Mama anayemenya na kupika, kijana anayekaanga chipsi barabarani, na mfanyabiashara anayesafirisha kwenda Dar es Salaam, kila mmoja anajua sifa ambayo mwingine haijui. Mavuno yapimwe kwa mizani, na viazi vionjwe vikiwa sufuriani. Maoni hayo yaandikwe na yafikishwe kwa watafiti kupitia ofisi ya ugani ya kata.

Jambo hilo la tano si la heshima tu. Kama ilivyoelezwa, kompyuta hutabiri kwa kutegemea kumbukumbu za mashamba yaliyopimwa. Shamba la kata lisipokuwamo katika kumbukumbu hizo, aina itakayotoka itakuwa imechaguliwa kwa udongo mwingine, mvua nyingine na soko jingine. Italetwa, itapandwa kwa matumaini, na baada ya misimu miwili wakulima watarudi kwenye aina ya zamani pamoja na dawa zake. Mkulima aliyesema mapema kile anachokitaka atakuwa ameokoa miaka ya watafiti na msimu wake mwenyewe.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa mbegu, hali ni kinyume: asiyechagua mbegu huchaguliwa na ugonjwa. Sayansi imefupisha njia ya kuitafuta mbegu njema. Kinachobaki ni kwamba mkulima awepo inapotafutwa, na ailinde inapopatikana.